Salamu za Ledama

Siku ya thelathini na nane tangu Ledama apotee, dada yake alifika kituoni Korogwe akiwa na karatasi mkononi, akasema kaka yake ameandika.

Sajenti Tatu Mdoe alisogeza kikombe cha chai pembeni, akaipokea ile karatasi. Binti aliyeileta aliitwa Naisenya, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ualimu, na kwa wiki tano zote za upelelezi Tatu hakuwahi kumwona akitabasamu. Leo alitabasamu huku machozi yakimlengalenga. Nyuma yake alisimama baba yake mdogo, mzee Keriako, shuka jekundu begani na fimbo mkononi. Alikuwa amekataa kiti, kama alivyokikataa kila siku aliyofika hapo.

Karatasi ilichapwa kwenye intaneti kafe ya karibu na stendi. Juu kulikuwa na jina alilolitumia Ledama kwenye mesenja, ile njia ya kuandikiana kwa kompyuta ambayo mwaka ule wa 2006 vijana wa mjini waliipenda kuliko barua. Chini yake ilifuata tarehe: Alhamisi iliyopita, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Halafu mstari mmoja wa Kiingereza uliouliza, hebu tazama, huyu kwenye picha si wewe? Na mwisho anwani ndefu ya herufi na namba, ya kubonyeza ili picha ifunguke.

Hapakuwa na kingine. Hakusema yuko wapi wala kwa nini aliondoka.

Naisenya alieleza kwamba Alhamisi hakuwa hewani, ila mesenja humtunzia mtu salamu zake mpaka siku atakayoingia. Aliukuta ujumbe Jumamosi. Alibonyeza, picha ikakataa kufunguka, lakini hakujali. Alimpigia simu baba yake mdogo, na Jumapili bomani kwao kulichinjwa dume jeupe. Mama yao, ambaye tangu mwanawe apotee alikuwa akinyweshwa uji kwa kulazimishwa, siku hiyo aliomba nyama mwenyewe.

Tatu alimuuliza kama kaka yake huwa anamwandikia Kiingereza. Binti alitikisa kichwa. Alisema hapana, Ledama humwandikia Kimaasai, na kila mara huanza kwa salamu ambayo mtoto wa kike hupewa na mkubwa wake. Lakini pengine safari hii alikuwa na haraka. Yeye amekwisha kumjibu mara tatu, na bado anangoja. Kisha akacheka kidogo na kusema mambo ya mesenja yana vituko: tangu Jumamosi wenzake chuoni wanamlaumu kwamba amewatumia picha isiyofunguka, na yeye hajamtumia mtu picha yoyote.

Tatu aliliandika hilo kwenye daftari, akapiga mstari chini yake.

Mzee Keriako aliuliza swali moja tu.

"Hiyo mashine inaweza kusema mtu alikuwa wapi alipoandika?"

"Sijui, mzee. Nitauliza."

"Uliza," alisema. "Sisi tunataka kumfuata."

Walipoondoka, Tatu alilifungua upya jalada, ingawa alilijua kwa moyo. Ledama alikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa wafugaji wa mbuga za Handeni. Aliajiriwa na mradi mdogo wa kupima mipaka ya vijiji, akapanga chumba Kilole. Siku nyingi za mwezi alikuwa porini na pikipiki ya mradi, laptopu mgongoni, akichora maboma, visima na njia za ng'ombe. Siku aliyopotea alitoka kijiji cha Kwamsagala kurudi Korogwe. Pikipiki yake ilikutwa imelala kwenye mpaka wa shamba la Sharifu, mkulima wa Kizigua. Yeye mwenyewe hakuonekana, wala mfuko wake. Siku mbili kabla, Sharifu alikuwa amekuta ng'ombe ndani ya mahindi yake, akamwambia Ledama mbele ya watu kumi kwamba akimwona tena na vipimo vyake atamzika palepale. Kwa maneno hayo Sharifu alikuwa rumande mpaka leo.

Mkuu wake wa kazi, Inspekta Valerian, aliisoma ile karatasi akiwa amesimama dirishani. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mwenye kupenda majalada yaliyofungwa. Alisema marehemu akiandika barua, kesi ya mauaji imekwisha, na Jumatano asubuhi Sharifu atakwenda kwake. Tatu akamwambia ana shaka na ule ujumbe.

Inspekta aligeuka. Alimkumbusha yaliyotokea wiki mbili nyuma, vijana wa kifugaji walipoingia Kwamsagala na kuchoma maghala mawili, na wakulima wakangoja kisimani na mapanga. Jumapili, baada ya habari hii, wazee wa pande mbili walishikana mikono kwa mara ya kwanza.

"Ukisema kijana hajaandika, unamrudisha Sharifu kwenye kitanzi, na wale vijana unawarudishia viberiti," alisema. "Ukisema ameandika, watu wanalala. Na wewe ni Mzigua, Tatu. Fikiri vizuri utakachosema, kwa sababu hakuna upande utakaokuamini."

"Naomba mpaka Jumatano, afande."

"Mpaka Jumatano asubuhi."

Intaneti kafe ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta sita na mapazia ya kitenge. Mwenyewe aliitwa Mwanaisha, mama wa miaka thelathini hivi, aliyewahi kuwa mpiga chapa wa ofisi moja ya ushirika mpaka ushirika ulipokufa. Alipousoma ule mstari alicheka, halafu alipoona uso wa Tatu akaacha kucheka.

Alisema ujumbe huo anaufahamu. Mwezi uliopita ulitoka kwa jina lake mwenyewe kwenda kwa watu thelathini, mmoja wao baba mkwe wake aliyeko Tanga, na ilibidi apande basi kwenda kuomba radhi. Watu wengi huita virusi, alisema, lakini wanaojua kazi humwita mnyoo. Hujificha ndani ya kompyuta. Mtu akiingia kwenye mesenja, mnyoo huchukua orodha ya rafiki zake wote na kuwatumia mstari uleule kwa jina lake, naye mwenyewe hana habari. Rafiki akibonyeza ile anwani, hakuna picha. Mnyoo ndiye anayehamia kwake, na kesho anatuma kwa rafiki zake.

"Kwa hiyo Ledama hakuandika," Tatu alisema.

"Hakuna aliyeandika, afande."

Tatu alimwona kwa mawazo mama yake Ledama kule bomani akiomba nyama. Halafu akauliza swali lililokuwa linamwasha tangu asubuhi: je, mnyoo anaweza kutuma kama mwenye jina hajaingia?

"Hawezi. Yeye hana jina. Lazima jina liingie kwanza, ndipo alitumie."

"Basi Alhamisi saa tisa na dakika arobaini kuna mtu aliyeingia kwa jina la Ledama."

Mwanaisha aliwaza kidogo. Alisema si lazima mtu huyo awe amejua analofanya. Laptopu ya Ledama ilikuwa imetegwa ijiingize yenyewe kwenye mesenja kila inapopata mtandao, bila kuuliza neno la siri. Alimkanya mara nyingi, Ledama akasema hana muda wa kuandika neno hilo kila siku. Tena wiki moja kabla hajapotea alikuja hapo kulalamika kwamba mashine yake inawatumia watu upuuzi. Mwanaisha alimwambia ailete aisafishe, naye akaahidi kuileta akirudi safari.

"Mnyoo alikuwamo tayari," alisema.

Tatu aliomba daftari la wateja, aone kwanza kama kuna aliyeketi hapo kafe saa ile ya Alhamisi. Ukurasa wa Alhamisi ulikuwa mtupu. Mwanaisha alimkumbusha kuwa siku hiyo ilikuwa zamu ya mgao: umeme ulikatwa saa mbili asubuhi ukarudi saa moja usiku, Korogwe na Handeni kote. Kompyuta za hapo hazikuwaka, wala za mtu mwingine yeyote asiye na jenereta.

Tatu alipotoka nje jua lilikuwa kali na harufu ya machungwa imejaa stendi. Mtu fulani alikuwa na ile laptopu. Aliiwasha Alhamisi mahali penye jenereta. Na Alhamisi Sharifu alikuwa nyuma ya kuta za rumande, siku yake ya thelathini na kitu.

Jenereta ya kwanza iliyomjia akilini ilikuwa ya mradi wenyewe, ule ulioajiri Ledama. Ofisi yake ilikuwa nyumba ya kupanga Kilole, na msimamizi wake, Bwana Mikaeli, alikuwa amepiga simu kituoni mara nne kuulizia mashine, mara moja tu kumuulizia kijana. Tatu alikuwa ameliweka hilo akilini. Alimkuta Mikaeli barazani amezungukwa na makaratasi, akamtaka amwonyeshe jenereta. Ilikuwa uani, imefunguliwa matumbo, kuku analalia mayai kwenye tangi lake. Mke wa mwenye nyumba alisema haijanguruma tangu mfungo wa Ramadhani.

Mikaeli hakukasirika. Alisema kweli aliililia mashine, kwa sababu kilichomo hakipo mahali pengine popote. Kulikuwa na mwekezaji aliyetaka eka elfu nne za malisho ya Kwamsagala apande mibono ya kukamua mafuta ya magari. Karatasi ya kamati ya kijiji ilisema eneo hilo halina watu wala maji. Ledama alipima akakuta maboma sitini na tatu na visima kumi na kimoja. Aliisema hesabu hiyo kwa simu siku moja kabla ya kupotea. Ramani yenyewe alibaki nayo.

"Kamati ina watu gani?"

"Saba. Wakulima wanne, wafugaji watatu. Sijaiona karatasi, afande, nimesikia tu. Wiki mbili zilizopita nilifika hadi bomani kwa kina Ledama, nikawaambia ramani isipopatikana nitapeleka mtu mwingine ahesabu upya."

Kabla Tatu hajaondoka, Mikaeli alimletea kitu alichokikuta chumbani kwa Ledama walipokusanya vitu vyake. Ilikuwa chaja ya laptopu, kichwa chake chembamba kama sindano ya kushonea magunia. Alisema betri ya mashine ile ilikufa zamani. Bila chaja haikai hata dakika tano.

Tatu alirudi kwa Mwanaisha akiwa na chaja mfukoni. Mwanaisha aliigeuza mara moja, akakunja uso. Jumatano iliyopita, alisema, Ernesti wa Segera alimpigia simu kuuliza kama anayo chaja ya kichwa hiki hasa. Alimjibu hana, na Ernesti akasema basi atajitengenezea.

"Huyo Ernesti ana jenereta?"

"Anazo mbili."

Tatu alimwomba neno moja kabla ya kuondoka. Naisenya anakuja hapo kila alasiri kutazama kama kaka yake amejibu. Asimwambie habari ya mnyoo. Atamwambia mwenyewe, akishajua la kumwambia.

Jumanne asubuhi Tatu alivaa dera na ushungi kama mama anayekwenda sokoni, akapanda gari la kazi pamoja na Konstebo Bernardo. Segera barabara za Tanga, Arusha na Dar es Salaam hukutana, na malori hupumzika hapo usiku na mchana. Kibanda cha Ernesti kilikuwa nyuma ya wauza mahindi ya kuchoma: meza moja, redio zilizopasuliwa, simu za mkononi zisizo na vifuniko, na jenereta inayonguruma kiasi kwamba watu huzungumza kwa sauti ya juu. Bernardo alibaki kwenye gari, upande wa pili wa barabara.

Ernesti alikuwa Msambaa mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tatu alimwonyesha kwanza kitambulisho, halafu chaja. Fundi aliitazama. Kisha aliinama chini ya meza, akatoa mfuko wa unga, na ndani ya mfuko akatoa laptopu nyeusi yenye namba ya mradi iliyochorwa kwa rangi nyeupe.

"Nilijua haikuwa kazi njema," alisema. "Ila nilidhani ni ya msiba tu."

Alieleza bila kufichaficha. Jumatano iliyopita alifika mzee Mmaasai, mtu wa heshima, shuka jekundu begani na fimbo mkononi. Alisema mashine ni ya mwanawe ambaye ni marehemu, na ndani yake kuna mchoro wa ardhi yao. Alitaka alama za maboma na visima zifutwe kwenye mchoro, nyingine zote zibaki. Ernesti alimpa pole ya msiba, yule mzee akaipokea. Alhamisi alasiri, baada ya kuunga chaja ya kubahatisha, fundi aliiwasha na kuiunganisha na simu yake kwa waya ili atafute mtandaoni programu ya kufungulia mchoro. Kidirisha kilichomoza pembeni, kikacheza kidogo, kikajifunga. Hakukijali. Programu hakuipata, na alama hazikufutwa.

"Alisema marehemu? Una hakika?"

"Nilimpa pole, afande. Mtu hapokei pole ya mtu aliye hai."

"Jumatano?"

"Jumatano. Na jana jioni amepiga simu, leo saa nane anakuja kuichukua."

Tatu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jumatano kuna mtu aliyemwita Ledama marehemu. Aliitaka mashine tayari leo, na kesho Sharifu anafunguliwa. Ukiitaka ramani bila alama hizo, utataka pia ionekane mahali fulani, ili Mikaeli asipeleke mtu kuhesabu upya. Tatu alijiuliza ingeonekana wapi, na jibu lilikuwa jepesi: ndani ya mabua ya mahindi ya Sharifu. Ingesemwa ndugu zake ndio walioificha na kuutuma ule ujumbe, na Sharifu angerudi rumande jioni ileile na asitoke tena.

Alikuwa amekwisha kulijua jina. Alilijua tangu Ernesti alipotaja shuka jekundu na fimbo, ingawa kuna wazee elfu wenye shuka na fimbo. Ni mmoja tu aliyeuliza kama mashine inaweza kusema mtu alikuwa wapi.

Mzee Keriako alifika saa nane na nusu, akishuka kwenye lori la chokaa. Alimtambua Tatu kabla hajafika kibandani. Hakukimbia. Alisimama barabarani kwa muda kama mtu anayepima kina cha mto, halafu akaja.

"Shikamoo, mzee," Tatu alisema.

"Marahaba."

"Karibu kiti."

Safari hii alikaa. Bernardo alikuwa amekwisha kusogea nyuma yake. Tatu alimuuliza amefuata nini Segera. Alisema redio yake imeharibika. Tatu akamuuliza redio iko wapi, akasema ameisahau nyumbani. Aliyasema hayo kwa sauti ileile ya utulivu, macho yake kwenye laptopu iliyokuwa mezani, na Tatu aliona kwamba kwa maswali ya namna hiyo wangekesha hapo.

Alimwambia Ernesti aiwashe mashine na kuiunganisha kama alivyofanya Alhamisi.

Iliwaka taratibu. Kidirisha kilichomoza pembeni, jina la Ledama juu yake, na kwa kufumba na kufumbua mstari wa Kiingereza ukatoka tena kwenda kwa kila aliyemfahamu. Halafu, chini yake, salamu zilizokuwa zikimngoja zikaanza kuingia. Zilikuwa saba, zote za Naisenya, zote kwa Kimaasai.

Tatu hakujua Kimaasai zaidi ya kuitikia salamu. Lakini herufi ni zilezile. Aliivuta mashine karibu, akaanza kusoma kwa sauti, silabi moja baada ya nyingine, kama mtoto wa darasa la kwanza, bila kujua anasema nini. Alisoma ujumbe wa kwanza, akasoma wa pili. Mzee Keriako alikuwa ameinua kichwa. Katikati ya ule wa tatu aliweka fimbo yake chini.

"Nani anasema hayo?"

"Naisenya. Anamwandikia kaka yake. Mimi sielewi ninachosoma, mzee. Nisaidie. Anasema nini?"

Tatu alisoma tena ule wa tatu toka mwanzo, polepole, akikosea matamshi. Jenereta ilinguruma. Dereva mmoja wa lori alikuja kuulizia simu yake, akatazama nyuso zao, akaondoka.

"Anasema mama yake ameanza kula," Keriako alisema hatimaye. "Anasema mimi nimechinja dume jeupe kwa ajili yake."

Tatu akasoma wa nne.

"Anasema watu wa Kwamsagala bado wana hasira. Akirudi asipite huko peke yake." Mzee alifuta mdomo kwa ncha ya shuka. "Anasema anisubiri mimi barabarani. Mimi ndiye nikampokee."

Tatu hakusoma wa tano. Alingoja.

"Yuko kwenye josho," Keriako alisema.

Lilikuwa josho la zamani, nje ya Kwamsagala, lililoachwa tangu enzi serikali ilipoacha kuleta dawa ya kuogeshea ng'ombe. Siku hizi lilikuwa shimo la saruji lenye majani na mawe. Aliyasema mengine bila kuulizwa, kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Yeye ni mmoja wa wale wafugaji watatu wa kamati, na aliweka dole gumba kwenye karatasi yake bila kujua kilichoandikwa. Aliambiwa ni karatasi ya kuomba kisima cha injini. Ledama ndiye aliyemsomea, siku ile, pale joshoni, na akamwambia ataisoma tena mbele ya wazee wa boma wote ili wajue nani aliyesema malisho yao hayana watu. Alimwomba asiisome. Alimwomba mara tatu, yeye mtu mzima, akimwomba mtoto ambaye yeye ndiye alimsimamia jandoni. Kijana alikuwa amekwisha kumpa mgongo, akifunga mfuko wake kwenye pikipiki.

"Nilimpiga mara moja," alisema. "Nilidhani atainuka."

"Na pikipiki uliisukuma wewe mpaka kwa Sharifu?"

"Ni mimi."

Bernardo alimfunga pingu. Mzee mwenyewe alizifunika kwa shuka, na Tatu hakumzuia. Alitoka nje ya kibanda, akampigia Inspekta Valerian. Alimwambia apeleke watu joshoni kabla jua halijashuka, apeleke na wengine bomani wakae na wazee kabla vijana hawajasikia, na Sharifu asubiri kidogo, kwa usalama wake mwenyewe. Halafu Inspekta alimuuliza nani anamwambia yule binti.

Papo hapo Ernesti alimwita kwa mkono.

Kwenye kidirisha kulikuwa na salamu ya nane, na hiyo haikuwa imetunzwa. Ilikuwa imeingia sasa hivi. Ilikuwa na neno moja, na kwa neno hilo Tatu hakuhitaji mkalimani.

Ledama?

Kisha, mbele ya macho yao, ya tisa ikaingia. Ledama? Na chini kabisa maandishi madogo yakionyesha kwamba Naisenya bado anaandika.

Ernesti alivivuta vidole vyake mbali na kibodi kama mtu aliyeungua. Alinong'ona wamjibu nini. Tatu alishika waya wa simu akauchomoa, na kidirisha kikafa.

Alimwambia Bernardo apitie Korogwe mjini kwanza. Bernardo aliendesha kwa kasi, taa zimewashwa mchana, akiwapita wenye baiskeli za mkaa. Mzee Keriako alikaa kiti cha nyuma na kutazama mashamba ya katani yakipita. Njiani Tatu alijaribu kupanga maneno: angeanza na mnyoo, au angeanza na josho. Aliyapanga mara kadhaa, na kila mara yaliishia mahali palepale.

Hawakuwa wamesimama vizuri mbele ya kafe pazia la mlangoni lilipofunguka. Naisenya alitoka mbio, viatu mkononi, akimwita Tatu tangu mbali kwamba kaka yake yuko hewani, amemwona leo hii kwa macho yake, amekatika tu mtandao. Nyuma yake Mwanaisha alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

Tatu alifungua mlango wa gari akashuka. Binti alikuwa amebakiza hatua chache, ndipo alipochungulia nyuma ya kioo akamwona baba yake mdogo ameketi ndani. Uso wake ukazidi kung'aa, akaongeza mwendo.